Uzi wa Salopeti

Mama mkwe wangu alikuwa na desturi ya kulamba uzi. Watu wengine hulamba uzi ili upenye kwenye tundu la sindano. Yeye aliulamba ili ajue kama bado una asidi. Alichomoa bonge la nyuzi kutoka kwenye maji ya majivu, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akafumba jicho moja, kisha akasema «Bado» au akasema «Iko muzuri». Akisema bado, bonge lilirudi kwenye beseni, na sisi wengine tulijua kwamba chakula cha mchana kitachelewa. Niliishi naye nyumba moja huko Kikula, mjini Likasi, tangu nilipoolewa na mwanawe, na hakuniruhusu hata mara moja kuulamba uzi huo. Alisema ulimi wangu ni wa maneno mengi, basi niuache ufanye kazi yake.

Hakunionea. Mimi ni mzaliwa wa Kakanda, binti wa mchimba madini, na kwetu mtu alilitoa la moyoni kabla hata hajaulizwa. Nikaja kuolewa kwenye nyumba ya mjane wa Kasai ambaye nusu ya mambo aliyasema kwa Kiluba na nusu nyingine aliyamaliza kwa kukohoa. Mumewe aliletwa Katanga zamani, enzi za kuandikwa kazi za migodini, akafia hukohuko kazini, na yeye akabaki na mtoto mmoja wa kiume, nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa matofali ya kufyatua, na bata wasiomsikiliza. Kila asubuhi aliwagombeza bata hao kwa sauti ambayo hakuitumia kwa binadamu. Mimi aliniita «bibi ya mwana», yaani mke wa mwanangu, na kwa muda mrefu nilidhani ananikumbusha tu kwamba nimefika pale kwa mgongo wa mtu mwingine.

Tena mimi ni mtu wa kununa. Nikinuna, nanuna wiki nzima, nikipika huku nimenuna, nikienda misa huku nimenuna. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na mmoja anayekohoa na mmoja aliyenuna, na katikati yao mwanamume aliyerudi kazini amechoka akitamani tu kuulizwa habari za leo.

Mwanamume huyo, mume wangu, alifanya kazi kiwandani, upande wa matangi ambamo shaba huzama kwenye maji ya asidi. Kazi ile ilikula nguo. Tone likidondoka, hukuliona. Jioni ukikunja suruali ulikuta tundu. Zamani kampuni iliwapa salopeti, nguo za kazi za suruali na kifua kwa pamoja, za pamba tupu, na hazikudumu hata msimu mmoja. Baadaye zikaja za mchanganyiko, pamba na tergal, ule uzi wa plastiki wa kiwandani, zimesokotwa katika uzi mmoja, na hapo likatokea jambo la ajabu. Asidi iliila pamba ikaiacha tergal. Nguo haikutoboka tena, ilikonda. Mbele ya mapaja na tumboni, mahali palipogusa kingo za matangi, salopeti ilibaki nyembamba kiasi cha kuona mkono upande wa pili.

Wake wa kiwandani wote waliijua nguo ile iliyokonda, na wote waliitumia kuepulia sufuria. Mama mkwe naye angeishia hapo kama si kitenge chake cha kanisani. Mume wangu alirudi siku moja amelowa, akavua salopeti, akaitupa juu ya kiti ambacho mama yake alikuwa ameweka kitenge kilichokunjwa tayari kwa Jumapili, kile cha kikundi cha akina mama wa parokia. Jumapili asubuhi alipokikunjua, kilikuwa na matundu kila mkunjo, na alipokivuta kilichanika kama karatasi. Nilimtazama nikingoja moto. Alimtafuta mwanawe, hakumpata, maana mwanawe alikuwa na akili na alikwisha kwenda misa ya kwanza. Basi akaichukua salopeti kwa hasira ili aitupe, akaanza kuikung'uta, na unga wa kijivu ukamwagika sakafuni.

Akasimama. Akakung'uta tena. Alipitisha kidole kwenye kitambaa kilichobaki, akachomoa uzi mmoja, akauvuta, haukukatika. Akaenda jikoni akauchoma kwenye kaa. Uzi wa pamba huwaka ukawa majivu; ule ulijikunja ukawa kishanga kigumu cheusi. Akarudi akakaa kwenye kiti kile kile, kitenge chake kilichokufa kikiwa magotini, na siku hiyo hakwenda kanisani kabisa. Mimi nilikwenda, nikawaambia wenzake anaumwa kichwa, nami sikujua kama nimesema uongo.

Ili kuelewa alichokiona mle, ni lazima ujue kwamba alikuwa mfumaji. Wake wa wafanyakazi walifundishwa kufuma na kushona katika nyumba ya mafunzo ya kambini, na yeye aliingia pale akiwa msichana mbichi, akatoka anafuma sweta zenye mapambo ya kusuka kifuani. Mji mzima ulizifahamu sweta zake. Halafu ikaja miaka ile ambayo redio ilitusifia kila kitu na maduka hayakuwa na kitu. Sabuni ilipotea, unga ulipotea, na sufu ya kufumia ilipotea kimya kimya bila mtu kuililia. Yeye aliililia, kwa namna yake. Sindano zake za kufumia alizitia mafuta ya mawese zisipate kutu, akazifunga kwenye kitambaa, na kila baada ya muda alizifungua kuziangalia. Nilipoolewa alikuwa hajafuma kwa miaka, na mikono yake haikujua pa kukaa.

Sasa alikuwa ameona uzi. Kazi ilianza wiki hiyo hiyo, na ilikuwa kazi ya karaha. Kwanza kuikung'uta nguo hadi unga wote wa pamba utoke. Kisha kuiloweka kwenye maji ya majivu, yale yale ambayo bibi zetu waliyachuja kupata munyu wa kupikia mboga, kwa sababu majivu huua ukali wa asidi. Kisha ulimi. Kisha kuifumua nguo uzi kwa uzi, na kuzichambua nyuzi kwa brashi mbili za waya za kusugulia kutu, mpaka ziwe manyoya mepesi yaliyorundikana mapajani. Mwisho kusokota upya, kwa kijiti cha spoku ya baiskeli kilichochomekwa kwenye kiazi kitamu ili kipate uzito wa kuzunguka. Kiazi kikinyauka alikibadilisha, na kile cha zamani kililiwa na bata.

Wakati wa kiangazi, hewa ikikauka, manyoya yale yalikuwa na visirani. Yaliruka yakamganda mikononi, yakatoa cheche ndogo zenye sauti, yakapanda mpaka kwenye nyusi. Alikaa karibu na beseni la maji ili hewa iwe na unyevu, akatema mate vidoleni, akayagombeza kama bata. Uzi wa kwanza ulikuwa na vinundu, mnene hapa na mwembamba pale. Alimtengenezea mwanawe soksi, naye akazivaa ndani ya mabuti bila kulalamika, jambo linaloonyesha alivyompenda mama yake.

Majirani walileta nguo zao zilizokonda. Hawakuwa na cha kupoteza: mtunza ghala alitaka kuonyeshwa kola yenye namba tu ndipo atoe salopeti mpya, kilichobaki kilikuwa matambara. Shida ilikuwa kwamba si nguo yote iliyokonda. Mgongo na makalio yalibaki mazima, pamba na tergal zimekumbatiana, na uzi wake haukusokoteka vizuri. Mama mkwe hakupenda kutupa kitu. Alimwomba mwanawe apeleke vipande hivyo kazini akavitundike karibu na matangi, asidi ivirukie. Mume wangu alikataa katakata. Alisema msimamizi akimkuta ametundika nguo kama mwanamke anayeanika, atamjibu nini.

Mama mkwe alikohoa, hakubishana. Asubuhi iliyofuata mume wangu alikuta salopeti yake imeshonewa viraka mbele, mapajani, magotini na tumboni, vipande vizima vya nguo za watu wengine. Alivivaa akaenda navyo kazini, vikarudi vimerukiwa, vikaenda tena, mpaka vikakonda. Hapo mama yake alivifumua akashona vingine. Kiwanda kikawa kinatuchambulia nyuzi mchana kutwa bila kujua. Rafiki zake walimcheka njia nzima, wakamuuliza kama ameolewa na mke au na fundi cherehani. Yeye alijibu kwamba ngozi yake imepata ukuta wa pili, na kusema kweli katika miaka ile hakuungua mapaja kama wenzake.

Nayasimulia haya kwa kicheko, lakini wakati ule sikuwa ninacheka sana. Mimba yangu ya kwanza ilitoka. Wa pili alizaliwa mzima, mvulana, akakaa nasi siku chache akaondoka kabla hata kitovu hakijakauka. Mama mkwe hakulia mbele yangu mara zote mbili. Alifua nguo zangu, alinipikia uji akasimama mlangoni mpaka niumalize, akarudi kwenye spoku yake. Nilitamani anikumbatie, aseme neno, hata la kunilaumu, nijue nimesimama wapi. Sikupata neno. Nikaamini kwamba ukimya ule ulikuwa hukumu, nami nikamjibu kwa silaha yangu ya siku zote, nikanuna.

Mimba ya tatu ilipoingia, nilikuwa naihesabia moyoni tu, kwa woga. Ndipo baba mkubwa wa mume wangu alipofika kwa treni kutoka Kasai, mzee safi, mwenye kofia na maneno ya polepole. Alileta mihogo mikavu na salamu za ukoo. Alikaa na mama mkwe uani, wakaongea Kiluba alasiri nzima, na mimi niliyekuwa naosha vyombo hatua chache kutoka kwao sikuelewa ila neno moja moja. Lakini mwanamke anajua anapozungumzwa. Mzee alinitazama tumbo, kisha akatazama pembeni. Mama mkwe aliendelea kusokota muda wote, akajibu mara moja tu, maneno mafupi, mzee akavua kofia akajikuna kichwa.

Jioni tulipokwenda kuchota maji bombani nilimbana mume wangu. Kwa kawaida yeye alikata habari katikati, sehemu ya kwanza akakupa, ya pili akaimeza. Aliniambia mzee amekuja kwa sababu ya ukoo: mtoto wa pekee wa marehemu hawezi kukaa bila mrithi, kuna msichana huko kwao, familia nzuri, na kama mimba hii nayo haitafika basi watu waanze kufikiri. Nikamuuliza yeye amesemaje. Alisema hataki. Nikamuuliza mama yake je.

«Mama alisema tungoye,» alinijibu.

Tungoje. Nilibeba ndoo yangu nikaenda nayo bila kuisikia uzito. Kumbe nilikuwa kwenye mtihani, na mtu aliyenipikia uji alikuwa amekaa tu kungoja matokeo.

Muda si mrefu mama mkwe akaanza kutafuta nguo nyeupe. Aliwazungukia wake wa watu wa maabara, akawaomba makoti ya mabwana zao yaliyochakaa. Makoti yale nayo yalikuwa ya mchanganyiko, lakini watu wa maabara hawaogi asidi, kwa hiyo yalikuwa mazima karibu yote. Unajua alichofanya. Mume wangu alianza kwenda kazini na viraka vyeupe kwenye salopeti ya buluu, kifuani na mapajani, na Kikula nzima ilitoka milangoni kumtazama. Wanawake wakanicheka sokoni kwa upendo, wakatazama tumbo langu. Nani asiyejua rangi nyeupe ni ya nani?

Wazee wetu hawakuruhusu mtoto aliye tumboni atengenezewe nguo. Si kofia, si soksi, si kitambaa cha kumfungia; ukimwandalia unamwita msiba. Hata mama mkwe, aliyebishana na kila mtu, hakubishana na hilo. Jirani mmoja alimuuliza mbele yangu kama haogopi, na yeye akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye brashi zake.

«Uzi haina nguo,» alisema, yaani uzi si nguo.

Jirani aliona ni ujanja mzuri, akaondoka akiusimulia. Mimi pia niliuona ujanja. Anasokota, hafumi, anajaza kapu mabonge meupe, na siku mtoto akilia ndipo sindano zitatoka. Nilipaswa kufurahi, na siku nyingine nilifurahi kweli, nikapita karibu na kapu nikaligusa kwa siri. Uzi wake ulikuwa umekuwa laini. Vinundu vya mwanzo vilikuwa vimekwisha, mikono yake ilikuwa imejifunza, na nilikuwa namwonea fahari hata wakati nimemnunia.

Lakini nilimsikia pia akimsifia mtu mwingine uzi huo. Alisema uzuri wa tergal ni kwamba haiozi. Panya haitaki, mchwa haitaki, unaiweka kapuni inakungoja miaka. Alisema hivyo kwa furaha ya fundi, na mimi niliyesimama nyuma ya mlango nilisikia jambo jingine kabisa. Uzi ule ungeweza kungoja. Ungeweza kunisubiri mimi, na nikishindwa, ungeweza kumsubiri yule msichana wa familia nzuri, na mtoto wake angevishwa nyeupe iliyoliwa na asidi juu ya mapaja ya mume wangu. Nawaambia, wivu wa mwanamke kwa mwanamke asiyemjua ni mbaya, lakini wivu wa bonge la uzi ni mbaya zaidi, maana huwezi hata kuligombeza.

Mzee wa kofia aliondoka mwezi mmoja baadaye, mama mkwe akamsindikiza stesheni na furushi. Niliporudi kutoka sokoni siku iliyofuata nilipita karibu na kapu, nikatia mkono. Halikuwa na kitu. Mabonge yote meupe yalikuwa yamekwenda.

Sikuuliza. Ningeuliza, ningeokoka na mateso ya wiki nyingi, lakini mtu aliyenuna haulizi. Niliona furushi lile mbele ya macho yangu likipanda treni. Niliwaza kwamba ameshakata tamaa, kwamba uzi umekwenda kumngoja mtoto mahali salama. Mume wangu nilipomwambia alicheka, akasema mama yake hawezi kumpa mzee yule hata kiazi kilichonyauka. Nikamnunia na yeye. Na mama mkwe mwenyewe alianza kutoka kila alasiri, amevaa kitenge kizuri, anakwenda kwa mwenzake mmoja wa parokia, anarudi jua likizama akiwa na uso wa mtu aliyekula vizuri. Nyumbani alisokota za buluu tu, kidogo kidogo, kama wa kupoteza wakati. Nilimwona kama mtu anayehama polepole kutoka kwenye maisha yangu.

Baridi ya Juni ilitukuta hivyo. Wanaodhani Kongo yote ni joto waje Likasi mwezi wa sita asubuhi, waone mdomo unavyotoa moshi. Uchungu ulinishika wakati nikiwasha mbabula, jiko letu la makaa. Haikuwa siku yake, ilikuwa mapema kuliko tulivyotarajia, na mapema lilikuwa neno nililolijua. Mume wangu alikimbia kutafuta gari la kutupeleka hospitali. Mimi nilikaa kwenye kiti cha uani nikitetemeka, sijui kwa baridi au kwa woga, na nilikuwa nimefunga kitenge juu ya kitenge na bado sikuweza kutuliza meno.

Mama mkwe alinitazama mara moja, akaenda mbio kwa yule mwenzake wa parokia. Nilimwona akivuka barabara bila viatu. Nikafikiri, hata leo anakwenda kwake, na machozi yakaanza kunitoka. Alirudi akihema, amekumbatia kitu cheupe, akakikunjua mbele yangu. Kilikuwa sweta la mtu mzima. Refu, pana tumboni, lina mapambo ya kusuka kifuani kama yale ya zamani ambayo mji uliyafahamu, na pindo la buluu mikononi.

«Vala,» alisema.

Nilimwambia huo ni uzi wa mtoto. Nilimwambia tutavunja mwiko, leo hii, siku hii ya siku zote. Nilisema mengi, ulimi wangu ulikuwa umefunguka, nikasema hata la kapu na la furushi na la yule msichana wa Kasai. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akinivuta mkono mmoja mmoja na kuupitisha kwenye sweta, kama unavyomvika mtoto. Kisha akachuchumaa mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema maneno mengi mfululizo, bila kukohoa.

«Nani alikuambia ni ya mutoto? Mutoto atapata bantu ya kumufunika, mutaa yote itakuya na bitenge. Weye, nani alikuwa anakufunika? Nilifumia kule, sababu hapa ungeona, bantu bangesema ni ya mutoto. Ni ya kwako. Ukirudia na mutoto, ni ya kwako. Ukirudia mikono bule, ni ya kwako, na hii nyumba ni ya kwako. Ule muzee nilimuambiaka: mutoto tungoye. Bibi ya mwana, tuko naye.»

Nusu ya pili, ile ambayo mume wangu aliimeza pale bombani, ndiyo hiyo. Nimewahi kumuuliza kwa nini hakunipa, akasema alidhani ninajua. Mungu awasamehe wanaume wanaodhani tunajua.

Nililia pale kitini mpaka uchungu wenyewe ukanisubiri. Niliinua mkono wa sweta nipanguse uso, na yeye akanishika kiganja akanizuia.

«Usipanguze na hiyo,» alisema. «Tergal hainyonye machozi.» Akatoa ncha ya kitenge chake, akanipangusa yeye mwenyewe, puani pia, bila huruma.

Hospitalini nesi alitaka kunivua sweta, nikakataa, akaniita «sitwayeni», yaani raia, kwa ukali kama walivyoitana watu enzi zile, nikakataa tena. Nilijifungua nikiwa nimelivaa, mikono imekunjwa hadi viwikoni. Alikuwa msichana, mdogo, mwekundu, mwenye sauti kubwa kupita mwili wake. Walimweka kwenye joto, wakamtazama, siku zikapita, akaendelea kulia na kunyonya kama mtu aliyechelewa mahali. Wakaturuhusu kurudi nyumbani.

Mtaa wote ulikuwa umejaa uani na vitenge mikononi, kama alivyosema. Mume wangu alitangulia na mtoto, amembeba kwa woga mbele ya kifua, na wanawake wakapiga vigelegele wakamzunguka. Mimi nilibaki nyuma, miguu bado haina nguvu, nikishika ubavu wa gari. Mama mkwe alitoka jikoni na mikono yenye unga. Alifika kwa mwanawe, akampita, akawapita wanawake, akampita hata mjukuu aliyengojewa na ukoo mzima. Alikuja mpaka kwangu, akanishika kwapani anibebee uzito, akaniuliza kama nimekula.